Ruwenzori: Mlima Usio na Mzizi

Katika mazungumzo haya ya nchi jirani tumezoea kuutazama mpaka kwa jicho la doria: njia ipi inapitika, mto upi umefurika, nani amevuka na kwa shughuli gani. Leo tunautazama mpaka mmoja kwenda chini. Ni mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mahali unapopita juu ya milima ya Ruwenzori, na swali letu ni moja: milima hiyo imesimama juu ya nini?

Swali hilo si la wanachuoni peke yao. Ardhi inapotikisika, mtu wa kwanza kuitwa ni askari. Atachimbua vifusi, atalinda mali, atafungua njia, ataandika majina ya waliokufa. Ni haki yake kujua kwa nini baadhi ya maeneo hutikisika mara kwa mara na mengine hukaa kimya kwa vizazi.

Ruwenzori ni safu yenye urefu wa kilometa 120 hivi na upana wa kilometa 50 hivi. Kilele chake kikuu, Margherita, kina urefu wa meta 5,109, na katika Afrika kinashindwa na Kilimanjaro na mlima Kenya tu. Lakini milima hiyo miwili ilijengwa na moto: uji wa mawe ulipanda kutoka chini, ukamwagika, ukaganda, tabaka juu ya tabaka. Ruwenzori haikujengwa hivyo. Ni pande la miamba ya kale sana, miamba ya aina ile ile inayokanyagwa na wakulima wa Toro na wa Beni katika nchi tambarare, ambalo limeinuliwa juu zaima. Na ajabu iliyo kubwa zaidi ni mahali lilipoinukia. Halikuinuka kando ya Bonde la Ufa. Limeinuka ndani yake, katika tawi lile la magharibi linaloanzia Ziwa Albert, likapita Edward na Kivu, likashuka mpaka kwetu Tanganyika na Rukwa. Mahali ambapo nchi inazama, mlima umepanda.

Zamani watu walidhani kwamba mlima ni mzigo uliowekwa juu ya ardhi ngumu, kama gunia juu ya sakafu. Dhana hiyo ilianza kuvunjika katika karne ya 19 huko Bara Hindi. Wapimaji wa ardhi waliokuwa karibu na milima ya Himalaya walitazamia kwamba timazi yao ingevutwa kando na uzito wa milima ile mikubwa. Ilivutwa, lakini kidogo kuliko hesabu ilivyodai. Mwaka 1855 mwanafalaki wa Uingereza, George Airy, alitoa jibu lake: ganda la dunia ni jepesi, nalo linaelea juu ya tabaka lililo zito zaidi, basi mahali penye mlima mrefu, ganda hilo limezama chini kwa kina kikubwa. Wasikilizaji wa pwani hawahitaji maelezo marefu hapa. Jahazi lililopakia shehena kubwa huonekana refu juu ya maji, lakini tumbo lake nalo limekwenda chini zaidi. Kwa hesabu ya Airy, kila kilometa moja ya mwinuko huhitaji kilometa tano au sita za mzizi chini yake.

Hesabu ilikuwa nzuri, ila nani angeshuka kuitazama? Shimo refu kuliko yote lililowahi kuchimbwa kwenda chini, lile la Kola katika nchi ya Urusi, lilifika meta 12,262 mwaka 1989, baada ya kazi ya miaka karibu 20. Hizo ni kilometa 12 na ushei, na ganda la dunia katika mabara kwa kawaida lina unene wa kilometa 35 au 40. Chini ya uwanda wa Tibet unakaribia kilometa 70. Kwa keekee hatufiki.

Njia iliyobaki ni kusikiliza, na hapa askari wa mizinga atatuelewa upesi kuliko wengine. Akiona mwako wa mzinga wa adui gizani, huanza kuhesabu sekunde mpaka mshindo umfikie, kisha hujua umbali. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Ulaya yalipanga vikosi vya kusikiliza katika sehemu mbalimbali za mstari; kwa kulinganisha saa ambayo mshindo ulifika kila sehemu, waliupata mzinga uliofichwa nyuma ya kilima bila kuuona. Elimu ya mitetemo ya ardhi hufanya kazi hiyo hiyo, ila mzinga wake ni tetemeko.

Tetemeko likitokea hutoa mawimbi ya namna mbili yapitayo ndani ya miamba. La kwanza husukuma na kuvuta mwamba mbele na nyuma, mfano wa mabehewa ya gari moshi yanapogongana. Hilo lina mbio, kama kilometa 6 kwa sekunde katika ganda. La pili hutikisa mwamba kwa upande, mfano wa kamba inayopigwa, hilo huchelewa. Tofauti ya saa kati ya mgeni wa kwanza na wa pili hutoa umbali. Kwa matetemeko ya karibu, kanuni ya haraka ni kuzidisha sekunde za tofauti kwa nane: sekunde 10 ni kilometa 80 hivi. Vyombo vitatu au zaidi vikilinganishwa, mahali pa tetemeko panajulikana.

Mawimbi hayo hayaelezi tu yametoka wapi. Yanaeleza pia yamepita katika nini. Tarehe 8 Oktoba 1909 ardhi ilitikisika kusini ya mji wa Zagreb, katika nchi ya Kroatia. Andrija Mohorovičić, aliyekuwa msimamizi wa kituo cha hali ya hewa cha mji huo, alikusanya karatasi za vyombo kutoka miji mingi ya Ulaya, akaona jambo lisilotegemewa. Vituo vya mbali vilipokea wimbi lililowahi mno, kana kwamba lilikuta barabara ya lami huku wenzake wakienda kwa njia ya matope. Akatambua kwamba wimbi hilo lilizama, likafika katika tabaka ambalo miamba yake hupitisha mawimbi kwa kilometa 8 kwa sekunde, likakimbia humo, kisha likapanda tena. Mahali ganda linapokoma na tabaka hilo zito kuanza, wataalamu wa dunia nzima hupaita kwa jina lake, nao kwa kufupisha husema Moho. Kuujua unene wa ganda chini ya mlima ni kuujua umbali wa kufika Moho.

Jirani zetu wa Kenya walipimiwa Moho yao kwa baruti. Katika mwaka 1985, tena 1990 na 1994, wataalamu wa nchi kadhaa walilipua baruti ndani ya maziwa na katika visima vilivyochimbwa, na mstari mrefu wa vyombo ukapokea mtetemo. Vipimo vilivyofuata Bonde la Ufa lenyewe vilionyesha kwamba ganda lina unene wa kilometa 35 hivi karibu na Naivasha, lakini kuelekea kaskazini linapungua mpaka kilometa 20 hivi chini ya Ziwa Turkana. Ndani ya nchi yetu, mwaka 1994 na 1995 viliwekwa vituo 20 vya muda, na katika sehemu ya kale ya katikati ya nchi ganda likaonekana kuwa na kilometa 37 mpaka 42. Kwa hiyo tunayo kadiri ya kulinganishia: hilo ndilo ganda la bara ambalo halijachanika.

Kwa Ruwenzori haikutumika baruti, bali matetemeko ya mbali, ya nchi zilizo nje ya Afrika kabisa. Wimbi la namna hiyo husafiri ndani ya dunia kwa dakika nyingi na kuufikia mlima kutoka chini, karibu wima. Linapoigonga Moho, sehemu yake ndogo hugeuka kuwa wimbi lile la kutikisa, lenye mwendo wa pole, na sehemu hiyo huchelewa kufika juu ya ardhi. Ganda likiwa na kilometa 35, uchelewaji ni sekunde 4 hivi. Likiwa na kilometa 24, haufiki hata sekunde 3. Mtaalamu hutafuta tofauti hiyo ya sekunde moja na ushei ndani ya karatasi iliyojaa mitikisiko ya upepo, magari na ng'ombe. Hukusanya mamia ya matetemeko ili kelele zifutane na ukweli ubaki. Kazi ya namna hiyo haina fahari machoni pa mpita njia: sanduku lililofukiwa ardhini, betri, kibao cha kunasa nguvu za jua, na mlinzi wa kijijini.

Kuanzia Februari 2006 mpaka Septemba 2007, wataalamu wa Ujerumani wakishirikiana na wenzao wa Uganda, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Makerere, waliizunguka Ruwenzori upande wa Uganda kwa vituo vya muda vilivyofika 27. Majibu yalitangazwa mwaka 2010 na miaka iliyofuata. Kwenye kingo za bonde, pembeni, ganda lina kilometa 30 hivi. Ndani ya bonde, pamoja na eneo la mlima wenyewe, lina kilometa 20 mpaka 28. Yaani chini ya mlima wa tatu kwa urefu katika Afrika ganda halikuongezeka, limepungua. Kama kanuni ya Airy ingefuatwa bila kugeuzwa, safu iliyoinuka zaidi ya kilometa 4 juu ya bonde la Semliki ingepaswa kuwa na mzizi wa kilometa 20 au zaidi. Mzizi huo haukuonekana. Jahazi limesimama juu ya maji, na tumbo halina.

Basi linashikiliwa na nini? Hapa wataalamu hawajawa na kauli moja, na ni vizuri msikilizaji azijue kauli zote mbili. Wako wanaosema kwamba bamba la miamba katika sehemu hii ni gumu na la kale, na kwamba mzigo mwembamba wenye upana wa kilometa 50 unaweza kubebwa na ugumu wa bamba peke yake, kama daraja linavyombeba mtu juu ya korongo bila nguzo chini ya kila hatua. Bonde lilipochanika, pande lililokatwa na nyufa za pande zote mbili liliinama na ukingo wake ukapanda. Wengine, waliofanya hesabu kwa kompyuta na kuzitangaza mwaka 2010, wanasema kwamba ufa ulikuja kutoka kaskazini na ufa mwingine kutoka kusini, ukapishana nao, vikaliteka pande la nchi katikati. Joto likalainisha sehemu ya chini ya pande hilo, sehemu iliyokuwa nzito ikabanduka na kuzama, na pande lililobaki, likiwa limeondolewa uzito wa kulivuta chini, likapanda. Kwa maoni ya mzungumzaji huyu, kauli ya pili inaeleza vizuri zaidi kwa nini mlima uko ndani ya bonde badala ya kuwa ukingoni, lakini hoja ya ugumu wa bamba haijaangushwa, na huenda zote mbili zina sehemu yake.

Kauli zote mbili zinakubaliana katika jambo linalomhusu askari. Mlima wenye mzizi wa kutosha waweza kutulia. Mzigo na mbebaji wamelingana. Mlima usio na mzizi unashikiliwa na nguvu ambazo bado ziko kazini, na nguvu zinazofanya kazi katika miamba husikika. Vyombo vile vya mwaka 2006 na 2007 vilinasa matetemeko 800 hivi kila mwezi, mengi yakiwa madogo mno hata mtu aliyelala hawezi kuamka, na makubwa yakifika kipimo cha 5.1. Mengi yalikuwa katika nyufa za mashariki na magharibi ya safu, na zaidi ya kote kaskazini mashariki, mahali mlima unapogusana na ukingo wa bonde. Nguvu nyingi zilitoka katika kina cha kilometa 15 hivi. Mahali matetemeko yalipokoma kwenda chini, kati ya kilometa 20 na 32, palilingana na Moho iliyopimwa kwa njia nyingine. Ushahidi wa namna mbili ukikutana hivyo, hata mpelelezi wa polisi huridhika.

Lakini matetemeko machache hayakufuata utaratibu huo. Saba yalipimwa katika kina cha kilometa 53 mpaka 60, chini kabisa ya Moho, mahali ambapo miamba ya moto ingetazamiwa kunyumbuka kama lami bila kuvunjika. Waliofanya uchunguzi wanayahusisha na uji wa mawe unaojipenyeza kwenda juu. Ikiwa ndivyo, chini ya mlima huu ambao haukujengwa na moto, moto upo njiani.

Historia ya eneo hilo inaeleza maana ya hesabu hizi kwa wakazi. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko kubwa liliipiga Toro na sehemu za Kongo zilizo ng'ambo. Watu zaidi ya 150 walikufa, zaidi ya 1,000 walijeruhiwa, na nyumba kwa maelfu zilibomoka. Tarehe 5 Februari 1994 nchi ya Fort Portal ilitikiswa tena, kwa kipimo cha 6.2. Na sisi wenyewe hatukuwa mbali mno na jambo hili. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu 17 walipoteza maisha, nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vyake zilianguka au kupasuka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa. Tetemeko hilo lilianzia kina cha kilometa 40 hivi, nalo lilisikika Uganda, Ruanda na kwingineko. Kagera haimo katika Ruwenzori, wala haimo ndani ya bonde lenyewe. Iko pembeni, juu ya ganda nene. Aliyedhani kwamba ufa huwadhuru waliokaa ndani yake tu alijifunza siku hiyo.

Katika nchi hiyo hiyo imepangwa njia ya bomba la mafuta lenye urefu wa kilometa 1,443, kutoka Hoima kando ya Ziwa Albert, kupita Kagera, mpaka Chongoleani, Tanga. Mafuta yenyewe yalitafutwa kwa mawimbi pia, ila ya kutazama tope na mchanga uliojaa bondeni, kilometa chache za juu. Kinachoitikisa njia ya bomba kiko chini zaidi ya hapo, nacho huhitaji vituo vinavyosikiliza mwaka baada ya mwaka. Vituo vya muda hufungwa na kuondolewa kazi inapokwisha, na ardhi haingoji kufunguliwa vingine.

Hapo ndipo suala la mpaka linaporudi. Mlima ni mmoja, nchi ni mbili. Vituo vya kwanza vilizunguka upande wa Uganda tu. Vile vya upande wa Kongo vilikuja baadaye. Mwenye kusikiliza kutoka upande mmoja ni kama kikosi kilichoweka masikio yote kwenye ubavu wa kulia: atajua kwamba kuna mzinga, lakini mahali pake atapakisia. Magharibi ya safu nyufa ni nyingi na nchi imekaa miaka mingi katika misukosuko ya silaha, na mahali ambapo mtaalamu hawezi kufika kubadili betri, ramani hubaki na kiza. Kwa maana hiyo amani ya Beni na Bundibugyo ni sehemu ya elimu ya mitetemo, ingawa haiandikwi katika vitabu vyake.

Tena vyombo hivi vina kazi nyingine ambayo askari ataithamini. Katika miaka ya 1960 Marekani ilitawanya vituo vya kupima mitetemo duniani, kimoja kikiwa Nairobi, kwa shabaha ya kutambua milipuko ya nyuklia iliyofanywa chini ya ardhi. Wataalamu wa matetemeko ndio waliofaidika zaidi. Leo kituo cha Kilimambogo nchini Kenya na kile cha Mbarara nchini Uganda vimo katika orodha ya vituo vya mkataba wa mwaka 1996 wa kukomesha majaribio ya silaha hizo. Bomu hupiga kwa kusukuma pande zote kwa pamoja, tetemeko hupiga kwa miamba kuteleza. Karatasi hupambanua moja na jingine. Kwa hiyo askari atakayekuta sanduku lenye waya na kibao cha jua katika uwanja wa shule au nyuma ya zahanati, asilichukulie kuwa kitu kilichotupwa wala asiegeshe gari la jeshi kando yake. Injini inayonguruma hapo usiku kucha hufuta usiku mzima wa kazi.

Na pale ambapo chombo hakipo, kipo kituo cha polisi, na kituo kina saa na daftari la matukio. Baada ya tetemeko wataalamu huchora ramani ya madhara kwa habari za watu: saa ngapi ilisikika, kwa muda gani, vyombo vilianguka kutoka rafuni au viligongana tu, ukuta wa matofali ulipasuka kuanzia kona gani, kisima kilichafuka au hakikuchafuka. Afisa wa zamu akiyaandika hayo usiku ule ule, kabla masimulizi hayajakua mitaani, mtaalamu atakayefika wiki mbili baadaye na vyombo vyake ataanzia kwenye ukurasa huo.